Taa Yetu Ilivyofungua Kilabu

Nilinunua fotoseli, kile kidude kinachowasha taa giza likiingia na kuizima kukikucha, kwa sababu ya uvivu, sitaficha. Swichi ya taa ya nje iko sebuleni, lakini kila siku saa nne asubuhi taa inakutwa ingali inawaka, na Mama Upendo ananitajia bei ya umeme mbele ya watoto.

Muuza duka pale Mlandege, hapa Iringa, alinieleza kwa pumzi moja: "Nyeusi moto, nyeupe nyutro, nyekundu inakwenda kwenye taa. Hata mtoto anafunga." Hakuniambia mtoto wa nani.

Jumamosi mchana nikazima meni swichi, tamthilia ya watu ikakatikia patamu, nikapanda ngazi. Fotoseli nikaibandika chini kidogo ya taa, ipendeze. Kurudisha umeme, taa ikawaka jua likiwa utosini! Nikafungua, nikabadilisha waya, nikafunga, nikafungua tena. Upendo ndiye aliyesoma karatasi ya kwenye boksi: ikipata umeme huwasha taa kwanza, inangoja kidogo, ndiyo inatazama kama ni mchana. Mimi nilikuwa siipi hata nafasi ya kutazama.

Nikarudisha waya kama mwanzo, tukangoja, ikazima. Ili kuijaribu kwa usiku wa bandia, nikaizungushia tepu nyeusi. Ikawaka. Watoto wakapiga makofi, nami nikaingia ndani kula ugali kama mhandisi. Tepu nikaisahau juu. Taa iliwaka usiku na mchana hadi Jumanne, mita ya LUKU ilipoanza kulia kwamba umeme unakwisha.

Nikapanda kubandua. Jioni giza likaingia, taa ikawaka yenyewe, nikatazamana na mke wangu kwa madaha. Ikazima. Ikawaka. Ikazima. Wala haikuwa na haraka, ilikuwa inapepesa taratibu kama inamkonyeza mtu.

Nikatoka na mwavuli, maana ilikuwa Machi na mvua haikatiki, nikasimama uani naikodolea macho. Hapo geti likagongwa. Mzee mmoja, koti refu, mabuti yamejaa tope, mkononi ana kidumu kitupu.

"Kamwene."

"Kamwene, mzee. Karibu."

"Nimeona taa kutoka kule bondeni. Nikasema, aa, Kihesa wamefungua kilabu kipya cha pombe. Ulanzi upo?"

Mama Upendo alikuwa mlangoni. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye kizingiti. Mzee naye, akingoja huduma, akavuta kigoda chetu cha kufulia, akaketi, akaitazama taa iwakayo na kuzima, kisha akasema bila hata kunigeukia: "Hicho kijicho si kinatazama taa yenyewe? Kikiona mwanga kinadhani kumekucha, kinazima. Kikizima, kinaona usiku."

Nilikuwa nimefungulia meni swichi mara tano. Yeye alikuwa amekaa dakika mbili.

Kesho yake nikaihamishia fotoseli ukuta wa upande wa pili, mahali ambapo mwanga wa taa haufiki, uso wake ukitazama angani. Taa ikatulia.

Ijumaa jioni geti likagongwa. Mzee, na kidumu chake. Akaitazama taa iliyotulia tuli, sura ikamshuka.

"Mmefunga?"

"Tumefunga, baba," Mama Upendo akamjibu.

"Mapema hivi?"