Barabara ya Morogoro: ukimbie pembeni au ushike lami?

Mabasi ya mwendokasi yalipoanza kazi Dar es Salaam mwaka 2016, Barabara ya Morogoro kutoka Kimara kuelekea mjini ilipata pia njia za waenda kwa miguu na baiskeli zilizotengwa na magari. Watu wa mazoezi hawakubaliani juu ya njia hizo. Wengine hawatoki humo. Wengine, hasa wenye baiskeli za mbio, huzikwepa na kushika lami.

Wa kwanza wana hoja nzito. Gari likiwa kwenye kilomita 50 kwa saa, ambacho ndicho kikomo cha maeneo ya makazi, linakula karibu mita 14 kila sekunde. Dereva akichelewa sekunde moja tu kushtuka, mita hizo zimekwisha kabla hajagusa breki. Ukingo wa zege unaoitenga njia ya pembeni hauhitaji dereva awe macho.

Tatizo ni kwamba ukingo huo hukatika kila penye sheli, yadi na mtaa wa pembeni. Mtazame dereva anayetoka sheli akikunja kushoto. Kwa kuwa magari yetu hupita kushoto, anayoyahofia yanatokea kulia kwake, basi shingo yote iko kulia. Akipata mwanya, anakanyaga mafuta. Anayetokea kushoto hamwoni kabisa. Na huyo mara nyingi ni mkimbiaji aliyefundishwa kuyakabili magari, au mwenye baiskeli aliyekwenda kinyume ili kukwepa kuvuka barabara. Kuyakabili magari ni ushauri sahihi pasipo na njia ya miguu. Penye njia iliyotengwa, faida yake ni ndogo na kwenye milango ya sheli inageuka hatari. Mkimbiaji apite nyuma ya gari, au asimame hadi macho yao yakutane. Mwenye baiskeli asiende kinyume hata kidogo: kwa kilomita 15 kwa saa anasogea mita nne kila sekunde, breki haziwahi.

Wa lami nao hawajakosea. Anayekwenda kilomita 30 kwa saa hana mahali katikati ya wachuuzi, wanafunzi, bodaboda na mitaro iliyokosa mifuniko. Huko yeye ndiye anageuka hatari kwa wengine. Ila lami ina masharti. Kaa kama mita moja kutoka ukingoni, na umbali huohuo kutoka kwenye gari lililoegeshwa, maana mlango hufunguka bila hodi. Usipenye kushoto kwa lori karibu na makutano: dereva haoni vizuri upande huo, na likikunja, magurudumu ya nyuma hukata kona kwa ndani kuliko ya mbele. Njia ya mwendokasi, hata ikiwa tupu alfajiri, iacheni. Basi la mita 18 likikukuta humo huna pa kukimbilia.

Gizani, taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma. Utepe wa kuakisi ufungwe vifundoni kabla ya kifuani: taa za gari zikishushwa humulika chini, na mwanga unaopanda na kushuka humjulisha dereva kuwa ni mtu.

Kwa upande wa wajenzi, dawa ninayoiona ni njia ya pembeni ibaki juu penye kila mlango wa sheli, gari ndilo lipande tuta. Nguzo za kuzuia bodaboda sina imani nazo sana: zikikaribiana zinamkwamisha mwenye kiti cha magurudumu, zikiachanishwa pikipiki inapita.