Sikuongeza sauti, ni gitaa lenyewe

Ile klipu ya jana ya kwanjula, yaani sherehe ya kumtambulisha bwana harusi kwa wakwe, kule Mukono, Uganda, ninayo, asanteni. Nimetumiwa mpaka na shangazi yangu wa Arua, ambaye miaka yote simu yake haina bando. Mpiga kinanda wetu ndiye aliyeirusha, na chini yake akaandika: "Solo kaona mashangingi, kafungulia sauti." Solo ndiyo mimi, mpiga gitaa. Uongo mtupu! Kitufe cha sauti kilikuwa kwenye saba. Gitaa la kwanza saba, gitaa la pili saba. Sasa nisikilizeni mimi niliyekuwa nimelishika.

Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, tukawa tunategemea jenereta lililofichwa nyuma ya masufuria. Gitaa langu ni kopi ya Stratocaster, na pikapu zake ni za koili moja: sumaku, na waya mwembamba kama unywele uliozungushwa maelfu ya mara. Uzi ukitikisika juu ya sumaku, umeme kidogo unazaliwa kwenye ule waya, unapita kwenye kebo mpaka kwenye amplifaya, ndiyo hiyo sebene mnayoikatikia viuno. Kasoro yake ni kwamba koili moja haichagui. Inanasa uzi, inanasa na jenereta. Kila msemaji wa upande wa bwana harusi alipofungua kinywa, spika yangu ikamwitikia "mmmmmm". Mzee mmoja wa kanzu akainama kuchungulia chini ya kiti kama kuna nyuki.

Mpiga besi wetu akakumbuka kwamba kuna gitaa la kaka yake kwenye buti la gari. Hilo lina hambaka, yaani koili mbili zilizolala pamoja, moja imezungushwa kinyume cha nyingine na sumaku zake zimegeuzwa. Mngurumo unaoingia huku unafutwa na unaoingia kule, lakini sauti ya nyuzi inajumlishwa. Seth Lover wa Gibson, kampuni ya magitaa, alipoibuni mwaka 1955 alikuwa anatafuta kuua mngurumo, hakuwa anatafuta kelele. Kelele ilikuja yenyewe, kwa sababu koili mbili zikiungwa kwa kufuatana zinasukuma umeme mwingi kuliko moja. Na hilo la kaka mtu lilikuwa na sumaku za seramiki zenye nguvu, halafu mwenyewe, Mungu amsamehe, alizikaza skrubu mpaka pikapu zikapanda karibu kugusa nyuzi. Pikapu ikiwa karibu na uzi inapiga kwa nguvu zaidi. Hayo nimeyaona leo asubuhi na bisibisi mkononi, jana nilikuwa naona rangi nyekundu tu na jinsi inavyoendana na shati langu.

Nikachomeka kebo. Kimya.

Na kimya hicho ndicho kilichotumaliza. Mimi nimezoea gitaa liniambie kwamba liko hai kwa kunguruma. Fundi mitambo naye hivyo hivyo. Akanitazama, nikamtazama. Akagusa sikio. Nikapandisha mabega. Akapandisha geini, yaani nguvu ya sauti kwenye mitambo. Kimya. "Kebo imekufa, ndugu yangu," akaninong'oneza, akapandisha tena. (Wewe unayeuliza kwa nini sikugusa hata uzi mmoja kujaribu: wazee walikuwa wanaongea! Kwenu hamfundishwi adabu?)

Msemaji akamaliza. Bwana harusi akasimama na jogoo wa muko, yaani kaka wa bibi harusi, jogoo mkubwa mwekundu, kafungwa utepe mweupe shingoni kama anakwenda kuapishwa. Muko akanyoosha mikono miwili. Senga, shangazi wa bibi harusi, amepiga magoti kwenye mkeka, gomesi la zambarau limetandazwa vizuri pande zote, macho chini. Mahema yote mawili yametulia kiasi kwamba nilisikia soda ikifunguliwa. Msemaji akanipa ishara kwa kidole: kitu laini.

Nauona mkono wangu wa kulia unapanda. Nauona kabisa. Ningeweza kugusa uzi mmoja mwembamba wa chini, mtu wa kawaida angefanya hivyo. Mimi nikachagua kodi ya G, nyuzi zote sita, kutoka juu.

Jogoo ndiye aliyeelewa wa kwanza. Kabla mtu hajapepesa macho alikuwa ametoka mikononi mwa muko, utepe unapepea, akapita juu ya keki bila kuigusa (hongera zake), akatua mgongoni kwa senga. Senga akainuka kutoka magotini kwa kasi ya kijana wa miaka kumi na minane. "Katonda wange!" Mungu wangu! Na kumbukeni, kodi haijaisha! Gitaa lile bado linaimba, linavuta, spika inatetemesha glasi za meza kuu, na mimi, badala ya kuziba nyuzi kwa kiganja, nimeganda, mkono hewani, mdomo wazi. Hapo ndipo klipu inaposimama. Ndiyo stika mliyotengeneza.

Mengine ni mafupi. Fundi akazima, jogoo akakamatwa chini ya kreti za soda, msemaji wa upande wa wakwe akatutoza faini kwa kosa la kuleta radi bila mvua, bahasha ikatoka kwa kiongozi wa bendi, na nimeshaambiwa itakatwa kwa nani. Mahari ikapokelewa. Tukala.

Mnaoniandikia kwamba kelele ile ilitoka kwenye betri ya volti 9: hapana. Hizo ni pikapu zenye kikuza sauti chake ndani, na gitaa hili halina hata pa kuweka betri. Na wewe fundi seremala unayesema ni mbao, nenda kapige mbao uone kama jogoo ataruka.

Pikapu nimezishusha, sauti imepungua na imekuwa tamu zaidi. Familia imetuita tena kwa harusi yenyewe, hilo mpiga kinanda hajaliweka kwenye klipu. Senga ameuliza, kupitia kwa msemaji, bendi itakaa hema lipi, ili yeye akae jingine.