Mafuvu ya wazee wetu si mali ya makumbusho

Tarehe 2 Machi 1900 Wajerumani walimnyonga Mangi Meli, mtawala wa Wachagga, hapa Old Moshi, pamoja na viongozi wengine 18. Ukoo wake unaamini kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani, na umekitafuta miongo mingi.

Mwaka 2023 taasisi ya makumbusho ya Berlin yenye mafuvu takriban 1,100 kutoka Afrika Mashariki ilitangaza matokeo ya vinasaba. Fuvu moja lilikuwa la Akida, mshauri wa Mangi Meli. Mawili yalioana na ukoo wa Mangi Molelia wa Kibosho. La Meli mwenyewe halikupatikana. Novemba mwaka huohuo, Rais Steinmeier wa Ujerumani aliomba radhi akiwa Songea. Nilifarijika, ila radhi haimzuii mwenye kabati la mafuvu kuendelea kulifunga.

Sheria inasemaje? Mkataba wa UNESCO wa 1970 unazuia biashara haramu ya mali za utamaduni, lakini haurudi nyuma. Tanzania iliuridhia 1977, Ujerumani 2007. Kilichobebwa 1900 kiko nje kabisa. Azimio la Umoja wa Mataifa la 2007 kuhusu watu wa asili, ibara ya 12, linataja haki ya kurudishiwa mabaki ya wafu, ila ni azimio, halifungi mikono ya mtu. Na Mahakama ya Afrika, iliyo hapo Arusha tu, haina mamlaka ya kusikiliza kesi dhidi ya Ujerumani.

Kinachoniuma zaidi ni nani anayebebeshwa mzigo wa kuthibitisha. Mjukuu ndiye anayetakiwa kutoa mate yapimwe, asubiri majibu, aoneshe kwamba marehemu ni wake. Mwenye fuvu kabatini haulizwi alilipataje! Mimi naona iwe kinyume. Fuvu lililotoka katika nchi iliyokuwa chini ya bunduki lihesabiwe limeporwa, mpaka anayelishikilia aoneshe idhini ya wenye marehemu. Gharama zote za utafiti ziwe zake, na daftari za makumbusho za kupokelea mafuvu zitafsiriwe kwa Kiswahili ili wazee wa Kibosho na Old Moshi wazisome wenyewe.

Serikali yetu nayo isiziachie familia kazi hii. Mchagga huzikwa kihambani kwake, kwenye shamba la ukoo, kwa watu wake. Wizara iingie mezani na Berlin ikidai mafuvu yarudishwe, kwa maandishi, kwa tarehe, na kwa kila fuvu, lenye jina na lisilo na jina.