Eti Nishukuru

Leo nimeshukurishwa. Kwa lazima! Nimelala chali chini ya sinki la watu huko Masaki, spana mkononi, maji yananiingia kwapani, huku nikifundishwa kushukuru.

Mimi ni fundi bomba, mtu mzima, nina mvi zangu na heshima zangu. Kwetu Tandale ukifungua koki unatoka upepo. Foleni ya madumu mnaijua, nisiwachoshe. Sasa mama mwenye nyumba akaja kunisimamia, akavuta kiti. Ukiona mtu amevuta kiti, ujue hana neno moja.

"Fundi, nyie watu mna raha sana."

Nikatoa kichwa nihakikishe ni mimi ninayeambiwa.

"Mkishakula ugali wenu, mnalala fofofo. Mimi silali. Jenereta linakunywa dizeli, pampu ya kisima imegoma, bwawa la kuogelea limegeuka kijani, na mbwa hataki kula. Mshukuruni Mungu. Pesa siyo furaha, fundi."

Nikauliza, kwa adabu, huyo mbwa hataki kula nini. Nyama ya ng'ombe! Eti ina mafuta. Nikarudisha kichwa chini ya sinki haraka, maana uso ulishaanza kujibu bila ruhusa yangu.

"Madamu," nikasema kutoka humo humo, sauti ya kibalozi kabisa, "basi tubadilishane japo wiki moja. Wewe ukalale Tandale, mimi nihangaike na jenereta."

Akacheka mpaka akajipangusa machozi. "Fundi una vituko!"

Vituko gani? Nani kamwambia kule tunalala? Tunazimia! Baa ikinyamaza, mbu wanapokea zamu. Sikusema. Nikafunga nati.

Ikaja saa ya malipo. Yule yule wa pesa siyo furaha akaanza kuomba nimpunguzie. Nikamwambia mama, kama haina furaha si unipe yote niteseke mimi? Akakata elfu tano, akaniongezea "ubarikiwe".

Na mnajua hata upepo wa bahari ulishagawiwa kabla sijazaliwa? Mkoloni aliwapanga Wazungu Oysterbay wapunge upepo, sisi akatuweka Kariakoo tupunge vumbi. Leo rangi si hoja tena, ila upepo umebaki kule kule.

Kwenye daladala nikamsimulia saidia wangu. Nikamwambia mwaka 2017 wale wa Oxfam, shirika la kupambana na umaskini, walitangaza kuwa watu 8 wana mali sawa na ya nusu ya watu wote duniani, ile nusu maskini zaidi. Wanane! Hawajazi hata Hiace. Konda angewaambia wasubiri, gari tupu. Kijana badala ya kulaani pamoja nami, akashusha pumzi.

"Lakini fundi, wewe kweli ushukuru. Una mita yako ya LUKU."

Nimemlipia nauli mimi!

Eti kwao wapangaji sita wanachangia umeme sawa kwa sawa. Mmoja ana friji, wengine wana taa moja moja tu. Sasa huyo wa friji anagandisha barafu kwa umeme wa wote, halafu anawauzia.

"Na mnanunua?"

"Tutafanyaje, fundi, na joto hili?"