Ukungu (fangasi) wa hewani: tuogope masika au kiangazi?

Ofisini kwetu hapa Dar kuna ukumbi wa wateja kusubiria, na kila masika dari lake la jipsamu linavuja, mwaka huu madoa meusi ya ukungu, yaani fangasi, yametoka kona hadi kona na mabishano yakaanza palepale. Wengine wanasema mvua ndo msimu wa hatari, tufunge madirisha tuwashe eisi, wengine wanasema mbona watu wanakohoa zaidi Julai na Agosti vumbi likishaanza, mvua si inasafisha hewa? Mi nina mtoto mwenye pumu kwahiyo siwezi kulichukulia juujuu, na nimeona kila upande umeshika nusu ya ukweli.

Nianze na watu wa vumbi maana hoja yao ina nguvu kuliko inavyosikika. Fangasi wanasambaa kwa spora, ni kama mbegu zao, na zile za Kladosporiamu, ambayo sehemu nyingi duniani ndo inaongoza kwa wingi hewani huko nje, pamoja na za Altanaria, zinaruka zaidi mchana mkavu, majani yamekauka na upepo unavuma. Mvua kubwa ikipiga inazishusha chini. Hapo wako sahihi kabisa. Ila kuna wengine, jamii ya uyoga hasa, ambao bila unyevu hawarushi kitu, hao usiku wa mvua na alfajiri ndo muda wao, kwahiyo ukisema mvua imesafisha hewa umesema kweli kwa aina moja tu ya fangasi.

Sasa ukiingia ndani ya jengo mambo yanabadilika na watu wa masika wanapata nguvu. Jipsamu ina karatasi juu yake, ikilowa siku mbili tatu bila kukauka ukungu unaanza, na wanaoota humo mara nyingi ni Aspagilasi na Penisilamu, hawa spora zao ni ndogo sana, za aina moja ya Aspagilasi, Aspagilasi fumigatasi, zina upana wa mikroni (elfu moja ya milimita) 2 hadi 3 hivi wakati unywele wa mtu ni kama 70, yaani zinapita puani zinafika mpaka ndani kabisa ya mapafu. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2009 kuhusu unyevu na ukungu kwenye majengo, likakubali kwamba vinaendana na pumu na matatizo ya kupumua, ila halikuweka namba ya spora kwamba hii ni salama na hii sio, lilisema zuieni unyevu. Kule Rochdale, Uingereza, mtoto wa miaka 2, Awaab Ishak, alifariki Desemba 2020 na uchunguzi wa kifo ukasema chanzo ni ukungu wa muda mrefu kwenye nyumba ya kupanga, mpaka sheria ikabadilishwa. Mtu akiniambia ni doa tu la rangi huwa namkumbuka huyo mtoto.

Lakini kitu ambacho pande zote mbili hazikigusi ni kwamba hiyo misimu inashirikiana. Ukungu unaota masika ukiwa umelowa, halafu Juni ukuta unakauka, na spora za Aspagilasi na Penisilamu zikiwa kavu zinabanduka kirahisi mno, feni tu inatosha, sembuse mtu akipita na fagio kavu au brashi ya waya. Kwahiyo wanaokohoa Julai inawezekana wanavuta kilichoota Aprili.

Kuna wanaotaka tulete watu wa maabara wapime hewa. Kipimo rahisi ni kuacha sahani yenye chakula cha vimelea wazi kwa muda, kisha unahesabu kilichoota. Sikipingi, ila sahani inanasa zaidi spora nzito zinazoanguka haraka, zile ndogo zinaendelea kuelea, na spora iliyokufa haioti ingawa bado inaweza kumsumbua mwenye aleji. Tena ukipima siku moja ya Aprili hujui chochote kuhusu Agosti. Kwa ukumbi kama wetu naona ni hela iliyopotea, doa linaonekana kwa macho.

Hospitali ni kesi nyingine. Kule kuna wagonjwa wa saratani ya damu ambao kinga imeshuka, kuna waliopona TB wakabaki na mashimo kwenye mapafu ambamo Aspagilasi inaweza kuweka makazi, mtu anakohoa damu anakonda na makohozi hayaonyeshi TB. WHO mwaka 2022 iliweka Aspagilasi fumigatasi kwenye kundi la juu kabisa la fangasi wa kushughulikiwa kwanza. Huko ningepima misimu yote, na ukarabati wa kubomoa kuta ningeuweka mbali na wodi hizo.

Suala la eisi, sawa, yenye filta safi inapunguza spora za nje, ila ikiwa chafu na maji yametuama ndani inakuwa shamba jingine, na kufunga madirisha kwenye chumba kinachovuja kunahifadhi unyevu tu.

Nilichoomba mimi ni bati zizibwe kwanza, halafu vipande vya jipsamu vilivyooza vikatwe vikiwa vimelowanishwa, siku ya Jumapili ukumbi ukiwa hauna mteja. Fundi amekuja jana na brashi kavu na ndoo ya rangi nyeupe, bati hajapanda kuziangalia.