Uwanja unajaa huku timu inafungwa: nilichojifunza Gelsenkirchen kuhusu majukwaa yetu

Wakuu habari za huko. Mimi ni shabiki wa Simba tangu utoto na huu ni mwaka wa saba naishi Gelsenkirchen, Ujerumani, mji wa timu ya mpira ya Schalke 04. Nimeona ule mjadala wa mechi za ligi ya Tanzania kuchezwa majukwaa yakiwa matupu umerudi tena, na jibu ni lile lile la kila msimu, eti shabiki wa Bongo ni wa matokeo, timu ikishinda yupo ikifungwa humwoni. Hata mimi nilikuwa naamini hivyo. Siamini tena, na kilichonibadilisha ni kukaa jirani na timu inayofungwa.

Schalke walifika nusu fainali ya Champions League 2011. Msimu wa 2020/21 wakashuka daraja na pointi 16, na kabla ya hapo walikuwa wametoka kucheza mechi 30 mfululizo za ligi bila kushinda hata moja. Wakapanda, wakashuka tena 2023. Msimu wa 2023/24 wakamaliza wa 10 daraja la pili, uliofuata wakamaliza wa 14, yaani daraja la tatu walikuwa wanaliona kwa macho. Sasa sikia hii, uwanja wao unachukua watu kama 62,000, na misimu yote hiyo miwili wastani wa mahudhurio ulipita 60,000 kwa mechi. Daraja la pili, timu ya 14, mvua inanyesha, baridi inakata masikio na watu wapo.

Vuta picha basi, Uwanja wa Benjamin Mkapa pale Dar, yaani Kwa Mkapa, ni watu 60,000. Viwanja viwili karibu sawa. Huu wa huku unajaa kila wiki mbili hata Schalke wakicheza na timu ambayo hata jina lake hujawahi kulisikia, huo wetu unatapika siku ya Simba Day, Wiki ya Mwananchi, dabi ya Simba na Yanga na mechi kubwa za CAF (mashindano ya Afrika), halafu tukicheza na timu ndogo kama Namungo unaweza kusikia kocha anavyofoka kutoka upande wa pili wa uwanja.

Kama ni matokeo, nielezeni Aprili 2025. Simba tulikuwa tumetoka kumaliza wa tatu kwenye ligi 2023/24 nyuma ya Yanga na Azam, ubingwa wa mwisho tumeuchukua 2020/21, na kwenye robo fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, kule Misri Al Masry walishatupiga 2-0. Kwa hesabu za "mashabiki wa matokeo" tarehe 9 Aprili, siku ya marudiano Kwa Mkapa, watu wangebaki makwao. Walikuja, wakaimba dakika zote, tukarudisha mbili zote na tukawatoa kwa penalti. Mapenzi yapo, tena ya kelele kuliko haya ya huku, na hilo nitalisema mbele ya Mjerumani yeyote. Kwa hiyo tuache kumsema shabiki kwanza tuangalie anauziwa nini.

Huku nilichokiona kikubwa ni kwamba kwenda mpirani ni mazoea, kama mtu anavyoenda kanisani au msikitini, haitegemei jana kulitokea nini. Na mazoea hayajengwi hewani, yanataka siku na saa inayojulikana. Mechi za daraja la pili huku kwa kawaida ni Ijumaa jioni, Jumamosi au Jumapili, watu wametoka kazini au hawana kazi siku hiyo. Tiketi ya mechi ndo hiyo hiyo nauli, unapanda nayo tramu 302 mpaka uwanjani na kurudi hulipi tena. Wengi wana tiketi ya msimu mzima, kiti ni chake, jirani yake ni yule yule miaka kumi, asipofika jirani anapiga simu kuuliza kulikoni. Ile tiketi akiilipia mwanzoni mwa msimu basi kufungwa mechi tatu hakumfanyi abaki nyumbani, hela ishatoka na washkaji wapo kule.

Kwetu mechi ya ligi inapangwa Jumanne saa 10 jioni. Saa 10 jioni nani yupo huru jamani, wa Kariakoo yuko dukani, fundi yuko saiti, mwalimu ndo kwanza anatoka. Halafu iwe uwanja wa Chamazi, pembeni kabisa ya Dar, wewe unatoka Tegeta upande mwingine wa jiji, upite mji mzima na foleni ya Mbagala ukaone dakika 90 na urudi usiku. Mechi hiyo hiyo iko kwenye kisimbuzi na banda umiza, kibanda cha kuonyesha mpira kwa kiingilio kidogo, liko hatua 50 kutoka kwako. Mtu akichagua banda umiza tunamwita sio shabiki? Ile hela ya Azam TV ya mkataba wa 2021 wa kuonyesha ligi, shilingi bilioni 225.6 kwa miaka 10, imesaidia sana timu hasa ndogo na siipingi hata kidogo, lakini ratiba ikishapangwa kwa kufuata kamera basi tusishangae watu nao wakifuata kamera.

Bei nayo inasemwa vibaya. Wa huku wananiambia tiketi zenu rahisi, shilingi 5,000 ya mzunguko (viti vya bei ya chini) haifiki hata euro 2. Sawa, lakini huku nafasi ya kusimama ni chini ya euro 20 na kima cha chini cha mshahara 2025 kilikuwa euro 12.82 kwa saa, yaani saa moja na nusu ya kazi ngumu kabisa ushaingia uwanjani. Kibarua wa Dar akitoa 5,000 ya mlangoni, nauli ya kwenda na kurudi, maji na chakula, hiyo ni siku nzima ya jasho. Akitoa hiyo hela ana haki ya kujua mechi itakuwepo. Machi 8, 2025 watu walisafiri kutoka mikoani kuja dabi, wengine wamelala kwenye basi, mechi ikaahirishwa siku ile ile na ikaja kuchezwa Juni 25. Nani alikosea sitaki kuingia huko, na matokeo ya Juni mnayajua, yaliniuma. Ila yule wa Mbeya aliyerudi na jezi yake hajaona mpira, msimu ujao utamwambia nini aje?

Na mimi yamenikuta. Nilikuja likizo nikaenda mechi moja nikiwa na tiketi halali kwenye simu na mwanangu wa miaka minane mkononi, geti limefunguliwa moja, tumesukumwa mpaka mtoto analia, tumekaa dakika ya 30 ishapita. Hajaniomba tena kwenda. Huku anaomba kila wiki.

Kitu kingine ni namba. Huku dakika ya 60 na kitu mtangazaji anasoma mahudhurio, hata kama ni machache yanasomwa. Kwetu zamani magazeti yalikuwa yanatuandikia mapato ya mlangoni na mgawanyo wake, wazee tulikuwa tunabishana vijiweni kwa hesabu. Sasa tiketi ni za N-Card, kadi ya kielektroniki, mashine inahesabu kila aliyeingia, ni rahisi kuliko zamani, lakini tunabaki na "uwanja umetapika". Wekeni namba kila mechi, hata ile ya watu 800, ndo tutajua Jumanne inatugharimu kiasi gani. Namba zinaonyesha hasara, mfano fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika Mei 2025, mechi ya pili na Berkane ya Morocco tulicheza Amaan Zanzibar kwa sababu CAF walisema Kwa Mkapa hapafai wakati ule. Amaan ni kama watu 15,000. Watu 45,000 wa ziada ambao wangeenea Kwa Mkapa, hata kwa 5,000 tu kila mmoja ni shilingi milioni 225 hazikuingia, na sauti yao pia haikuingia, tuliongoza kwa goli la Mutale ikaisha 1-1.

Baba yangu mdogo alikuwa haachi mechi enzi za Shamba la Bibi, yaani Uwanja wa Uhuru, mvua jua yupo. Siku hizi anaangalia sebuleni. Juzi nikampigia nikamwambia Desemba nakuja, nitakukatia tiketi twende wote, si lazima dabi, mechi yoyote ya ligi. Alifurahi kweli, akaniuliza ni siku gani na inaanza saa ngapi. Nikamwambia baba ngoja, ratiba inaweza kubadilika, nitakwambia wiki hiyo hiyo. Akasema basi tutaangalia hapa hapa nyumbani.