Kozi niliyoiacha Tabora bado naidaiwa Kibirizi

Takwimu niliiacha siku ya Ijumaa, saa nane mchana, chini ya mwembe, fomu nimeilaza juu ya goti. Nilikuwa mwaka wa pili chuoni Tabora. Testi ya kwanza nilikuwa nimepata 4 kati ya 15, kozi yenyewe ilikuwa ya hiari, na siku hiyo ndiyo ilikuwa ya mwisho kubadilisha. Sikumuuliza mwalimu. Hata mwenzangu wa chumba sikumwambia. Nikachukua kozi nyepesi, nikapata B, nikahitimu, nikapanda treni kurudi Kigoma.

Siku hizi namsaidia mama biashara ya dagaa pale mwaloni Kibirizi, na daftari nalishika mimi. Mitumbwi ikiingia asubuhi naandika: nani kaleta, ndoo ngapi, bei gani. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, samaki wapate kuzaliana. Lilipofunguliwa, zikapita wiki mbili, baba mdogo akaja akaketi juu ya ndoo iliyofunikwa.

"Mwanangu, wewe ndiye msomi wetu. Hebu fungua daftari utuambie, dagaa wameongezeka au tunajifariji tu?"

Nikafungua. Nikajumlisha ndoo za wiki mbili za kabla ya kufungwa, nikagawanya. Nikafanya vivyo hivyo kwa wiki mbili za baada. Wastani wa baada ulikuwa mdogo. Kwa hesabu hiyo, miezi mitatu ya watu kukaa bila kuvua ilikuwa imekwenda bure. Nikamwambia. Akatikisa kichwa.

"Lakini hizi zako za baada zilikuwa siku za mbalamwezi."

Kweli. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mwezi ukiwaka taa haiwavuti. Zile wiki za Mei zilikuwa za giza. Nilikuwa nimelinganisha vitu viwili visivyolingana, na mvuvi ameliona kosa kabla yangu. Kisha akauliza swali lililoninyamazisha: basi tuhesabu vipi? Ipo njia ya kulinganisha giza na giza, na ya kujua kama tofauti uliyoiona imezidi kupanda na kushuka kwa kila siku. Najua ipo kwa sababu niliisoma kwenye orodha ya mada za kozi ile, wiki ya saba. Mimi niliondoka wiki ya tatu.

Nikieleza jambo hili watu huniambia yaliyopita si ndwele. Wengine hunichapa na majuto ni mjukuu. Sawa, ni mjukuu, lakini kwetu mjukuu hafukuzwi. Anakaa na bibi, anauliza maswali mchana kutwa, na akitumwa anakwenda. Haya yangu nimeyaacha yakae, nikayasikiliza yanasema nini hasa.

Hayasemi kwamba kuacha kozi ni kosa. Niliishi na dada aliyeacha somo kwa sababu ya ugonjwa, na alifanya vema kabisa. Yangu yanarudi kila mara kwenye Alhamisi. Mwalimu yule alikuwa akibaki darasani kila Alhamisi jioni kwa ajili ya wenye shida, nami nilipita dirishani pale, nikawaona wanafunzi wanne wamezunguka meza, nikaenda zangu kula. Sijui hadi leo kama somo lilinishinda au nililiogopa tu, na hilo ndilo linaloniuma. Kwa hiyo wewe uliye chuoni na fomu mkononi, iache Alhamisi moja ipite kwanza. Nenda ukakae kwenye ile meza. Ukitoka hapo bado unataka kusaini, saini.

Jirani yetu ana kijana aliyemaliza kidato cha sita, hisabati anaipenda. Jioni tatu kwa wiki tunakaa barazani kwao. Daftari limeongezwa safu mpya, G kwa giza na M kwa mbalamwezi, na nimerudi nyuma kuzijaza siku zote kwa kalamu nyekundu. Juzi baba mdogo alipita akachungulia.

"Bado?"

"Bado, baba. Ngoja giza la mwezi huu liishe."